Kalesoni Kumi na Mbili Zenye Bima

Afadhali niseme mimi mwenyewe, maana Anaclet akisimulia huongeza chumvi, na kisa hiki, niaminini, hakina nafasi ya chumvi nyingine. Ndiyo, ni kweli. Kalesoni zangu, nguo zangu za ndani, zilisomwa kwa sauti kwenye stesheni ya Ndola, mchana kweupe, mbele ya watu ambao hata leo sijui idadi yao, na mmoja wao alikuwa mama aliyetakiwa kuwa mama mkwe wangu. Nimekaa na aibu hiyo miaka mingi, tumezeeka pamoja, kwa hiyo leo naweza kuwaonyesha bila kujificha uso.

Wakati ule mji wetu ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, mtaa wa Katuba ulikuwa mpya, kuta za nyumba bado zinanuka udongo mbichi, na mimi, Modeste (jina nilipewa na mapadre, maana yake ni mtu asiyejikweza, chekeni tu), nilikuwa karani katika bohari ya reli. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kutandika reli ileile kwa mikono yake, mimi nikapata kalamu, na mtu aliyepata kalamu enzi zile hakutembea barabarani, alipita. Nilikuwa na kofia. Nilikuwa na kiko (sikuvuta, tumbaku ilinikohoza, lakini nilikishika). Nilikuwa nasema n'est-ce pas (yaani, si ndiyo?) mwisho wa kila sentensi, hata nikiwa naongea na mwenye kuuza makaa. Tuliitwa évolués, watu walioendelea, na Wazungu waliotuita hivyo ndio haohao waliotuonyesha mlango wa nyuma, ila sisi tulikuwa na masikio ya kusikia lile la kwanza tu.

Basi nilikuwa na mchumba, Ernestine, msichana wa Kibemba aliyesoma kwa masista hapa mjini akikaa kwa shangazi yake. Kifaransa chake kilikuwa safi kuliko changu (hili wakati ule nisingelikubali hata kwa viboko). Nyumbani kwetu alipajua vizuri, kwa sababu alikuwa anakuja kushona na dada yangu Filomena ambaye ndiye aliyenilea. Mama yake na mjomba wake walikaa ng'ambo ya mpaka, Ndola, kwenye nchi ya Waingereza, na kwa Wabemba mjomba ndiye mwenye neno: wote wengine wanaweza kusema ndiyo siku nzima, mjomba akisema hapana, chukua kofia yako urudi kwenu. Ikaamuliwa niende Ndola siku nne nikaonekane. Ernestine akatangulia wiki mbili kuwaandaa watu wake. Mimi nilibakiwa na kazi moja tu, ya kupanda treni na kushuka nikiwa mtu yuleyule niliyepanda.

Hapo ndipo Anaclet alipoingia. Tulikaa meza moja ofisini, yeye na mimi, na alikuwa na kazi ndogo ya pembeni ya kuwapeleka watu kwenye ofisi moja ya asiransi mjini (ninyi mtasema bima), ofisi ya Wazungu, jina lake sitalitaja kwa sababu halinisaidii kitu. Siku aliyosikia naenda ng'ambo alinitazama kwa huruma, kama vile nimemwambia naenda kuogelea na mamba.

"Na asiransi?" akauliza.

"Asiransi ya nini?"

"Ya safari! Modeste, muntu wa maana haendi mu inchi ya bantu bengine bila asiransi. Bazungu bote beko nayo. Ulisha kuona muzungu anapanda ndeke bila asiransi?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijamwona Mzungu akipanda ndege hata mara moja, lakini nikasema hapana, sijaona, na jibu hilo likanibana.

Wiki nzima nilijadili jambo lile, na kwa kuwa nilikuwa mtu mwenye kalamu nilijadili kwa mpangilio. Pale tulipokuwa tunakunywa bia Jumamosi kulikuwa na mmoja aliyepoteza kofia kwenye treni ya Bukama, akasema angekuwa na asiransi angelipwa kofia, na mwingine akamjibu kwamba kofia ile ilikuwa inastahili kupotea, na mjadala wa maana ukaishia hapo. Nikamwuliza Padre kama Mkristo anayenunua asiransi amepungukiwa na imani kwa Mungu. Akasema pikipiki yake ina asiransi. Nikatoka pale nimebarikiwa nusu.

Aliyeniambia ukweli mtupu alikuwa Yaya Filomena (yaya kwetu ni dada mkubwa), akiwa anachambua maharage, bila hata kuinua macho.

"Unaenda kwa mukwe ao unaenda kwa vita? Valizi utaishika na mukono yako, utakaa nayo, utashuka nayo. Nani ataiiba? Na akiiba atakuta nini mule ndani, samaki ya mama mukwe na kalesoni yako ya kiraka? Ule mwizi atakurudishia yeye mwenyewe, na pole juu."

Mngekuwa ninyi mngemsikiliza. Mimi nilijiambia, maskini Yaya, hakusoma, hajui kwamba asiransi hainunuliwi kwa ajili ya mwizi, inanunuliwa ili mtu aweze kusema, "Nina asiransi." Nilikuwa nimeshaisikia sauti yangu ikisema hivyo mbele ya mjomba wa Ernestine. Sauti ile ilinipendeza sana.

Tukaenda mjini. Nilivaa suti ya kuazima na nikaingia nimeshika kiko. Mzungu wa pale kaunta alikuwa kijana, ana jasho, na nikamweleza kwa Kifaransa nilichokifanyia mazoezi njia nzima kwamba nasafiri nchi ya nje na nataka kujikinga, mimi mwenyewe na mali yangu, n'est-ce pas. Akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu, akafungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye ukurasa, akafunga.

"Pour vous, il n'y a pas de tarif," akasema. "Pour la valise, oui."

Yaani kwa ajili yako hatuna bei, kwa ajili ya valizi, sanduku la safari, tunayo. Treni ikianguka mtoni, valizi yangu ingefidiwa, na mimi niliyeishika mkononi ningekuwa hasara ya dada yangu peke yake. Mtu mwenye damu ndani ya mwili angegeuka akatoka. Mimi nilisema, "Merci, monsieur," na Anaclet akanipiga bega kwa furaha, kwa sababu valizi nayo ilihesabiwa kwenye kazi yake ndogo ya pembeni.

Ila valizi yenyewe haikukubaliwa hivihivi. Ofisi ile haikuandikia asiransi valizi ya vitu vichache. Tulipewa karatasi ya mistari tukaijaze, kitu kimoja kimoja, halafu kesho yake valizi iletwe ipimwe kilo na kufungwa. Tukakaa kwenye ngazi za nje, Anaclet akaweka karatasi juu ya goti, na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipochukua ile hatua ndogo iliyonipeleka hadi chini ya shimo. Nilisema, "Andika weye, mi nitataja."

"Saa?" akauliza.

"Iko hii, ya chuma."

"Tuandike ya zahabu. Nani atakwenda kuiuma?" Akaandika. "Gramofoni?"

"Sina gramofoni."

"Muntu mwenye kwenda kuoa hana gramofoni?" Akaandika. Akaandika na mwavuli wenye mkono wa fedha, akaandika pijama mbili za hariri, na kila alichoandika mimi nilianza kukiona, niliona hata rangi ya zile pijama, zilikuwa za buluu.

"Kalesoni ngapi?"

"Mbili," nikasema.

Anaclet akaweka kalamu chini.

"Mbili? Modeste, bazungu banahesabu nguo ya ndani kwa duzeni. Ukiandika mbili, ule muzungu atajua mara moja kama weye ni muntu wa pori."

"Basi tuandike sita."

"Sita ni ya muntu wa kuogopa. Tuandike duzeni."

Akaandika, douze caleçons, kwa mwandiko mzuri wa karani, herufi zimelala upande kama zilivyofundishwa na mapadre. Nikatia sahihi chini.

Kulikuwa kumebaki jambo la kilo. Valizi yangu, ikiwa na shati moja, kalesoni mbili (ya pili ina kiraka cha gunia la unga, na maandishi ya kiwanda yalikuwa bado yanasomeka, sitasema yalikuwa upande gani), na samaki wakavu wa mama mkwe waliofungwa kwenye gazeti, ilikuwa nyepesi hata upepo ungeibeba, na gramofoni si kitu cha upepo. Nyuma ya nyumba Yaya alikuwa na mawe matatu, mazito, ya kijani kijani, ambayo marehemu mumewe aliyaleta kutoka mgodi wa shaba wa Kambove, na alikuwa akiyatumia kukandamiza mihogo anapoiloweka. Nikayachukua, nikayafunga gazeti, nikayalaza katikati ya shati na samaki. Mtu wa Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, karani wa bohari inayopitisha shaba kila siku, nabeba mawe ya kijani kuyavusha mpaka. Niambieni kama kuna mtu wa nchi nyingine angeweza kuwa mjinga kwa namna hiyo. Mjinga wa nchi nyingine angebeba matofali.

Kesho yake ofisini valizi ikapimwa, Mzungu akatikisa kichwa kwamba sawa, akaizungushia waya na kuubana waya ule kwa muhuri wa risasi. Akaniambia muhuri ukikatwa kabla sijarudi, asiransi imekufa. Kwa hiyo hata ningepata akili njiani (sikupata), nisingeweza kuyatoa yale mawe.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Sakania, kwenye mpaka, mtu wa dwane, yaani forodha, wa Kibelgiji aliuona muhuri wa risasi akaipisha valizi kwa heshima. Mimi nilidaiwa karatasi mara tatu. Hata hapo sikuelewa ni nani kati yetu wawili aliyekuwa anasafiri.

Tukafika Ndola. Nimeshuka, kofia kichwani, kiko mkononi, na ng'ambo ya kamba inayotenga abiria na waliowapokea nikawaona: Ernestine, kitambaa cheupe kichwani, kapendeza, kando yake mjomba, Bwana Mwape, mtu mnene mwenye koti safi, kapita, yaani msimamizi, kwenye bohari ya mgodi, anayejulikana na kila mtu pale stesheni, na nyuma ya nguzo, amejifunika uso kwa kitenge, mama yake. Alijifunika si kwa sababu ana haya ya kawaida. Kwa Wabemba, kama kwetu Waluba, mama mkwe na mkwe hawaangaliani, hawatajiani majina, hata njiani mmoja humpisha mwenzake kichakani. Alikuwa amekuja anisikie tu sauti, na kwa heshima hiyo nikakohoa vizuri.

Meza ya forodha ilikuwa pale pale, na nyuma yake Mwingereza mwekundu na askari wake wa Kibemba. Mwingereza akainua valizi kwa mkono mmoja, akaitua, akaangalia muhuri, akasema neno.

"Bwana anauliza una nini humu," askari akanifasiria.

Jibu lilikuwa nguo na samaki. Maneno matatu. Lakini Bwana Mwape alikuwa ananitazama, na ile sauti niliyoipenda tangu Elisabethville ilikuwa imenijaa kooni, kwa hiyo nikachomoa karatasi mfukoni, nikaifungua taratibu ili mihuri yote ionekane, nikasema kwa sauti ya kufika hadi kwenye nguzo, "Valizi yangu iko na asiransi. Kila kitu kimeandikwa."

Mwingereza akaichukua, akaigeuza, akaigeuza tena. Kifaransa hakukijua. Askari naye hakukijua. Akauliza kama kuna mtu pale anayejua kusoma lugha ile, na Bwana Mwape, kwa fahari yote ya mjomba mwenye mpwa aliyesomeshwa na masista, akamsukuma Ernestine mbele.

Akapita chini ya kamba, akaishika karatasi, akaanza kusoma na kufasiri kwa Kibemba, sauti yake ya shule, wazi, kila neno mahali pake.

"Saa moja, ya dhahabu."

Watu wakasema aaa. Ernestine akainua macho akaniangalia. Nikatikisa kichwa, endelea.

"Gramofoni moja."

Sasa watu walisogea. Bwana Mwape alishika mikono yake nyuma, akawa anaangalia huku na huku kuona ni nani wanaosikia. Ernestine akaniangalia tena, na mimi nikatikisa kichwa tena, nikabadilisha mguu wa kusimamia kama watu wanavyosimama wakipigwa picha.

"Mwavuli mmoja, mkono wa fedha. Pijama mbili za hariri." Aliniangalia mara ya tatu, safari hii kwa muda mrefu, na nikaona midomo yake imekaza. Kisha akateremsha macho kwenye karatasi. "Kalesoni, kumi na mbili."

Neno lile la Kifaransa ng'ambo ile halikujulikana, na kama dunia ingekuwa na huruma, lingepita hivyo hivyo. Lakini askari alikuwa mtu wa kazi yake.

"Kalesoni ni kitu gani?"

"Nguo," akasema Ernestine.

"Nguo gani? Bwana anataka kujua."

"Ya mwanaume. Ya ndani." Na kwa kuwa askari bado alikuwa amekunja uso, akamalizia kwa Kibemba ambacho mtoto wa miaka mitano angekielewa, "Ile inayokaa chini ya suruali. Anazo kumi na mbili."

Kicheko kilianzia kwa wapagazi kikapanda hadi kwa wanawake wa karanga. Sikuwatazama. Nilitazama nguzo, kosa ambalo sikuruhusiwa kulifanya, na nikaona kitenge kikivutwa kikafunika kichwa kizima, na mama yake Ernestine akigeuka kutoka stesheni haraka haraka, akipapasa njia kwa mkono kwa sababu haoni. Mwanamke ambaye hakutakiwa hata kulitaja jina langu alikuwa amehesabiwa nguo zangu za ndani.

Mngesema imetosha. Haikutosha. Mwingereza alikuwa amefasiriwa ile kumi na mbili, na kwa Mwingereza wa forodha haikuwa aibu, ilikuwa biashara. Mtu wa siku nne ana haja gani na kalesoni kumi na mbili? Huyu ni mchuuzi. Anaingiza bidhaa. Akachukua koleo, na kabla sijasema neno, tak, muhuri wa risasi ukaanguka mezani, na asiransi yangu ikafa palepale bila padre.

Akafungua. Harufu ya samaki ikatoka kwanza. Halafu shati. Halafu askari akainua kalesoni ya kwanza kwa ncha za vidole, akasema moja, akainua ya pili, akaigeuza, akasoma maandishi ya gunia la unga (alijaribu), akasema mbili. Akapapasa pembe zote za valizi.

"Kumi ziko wapi?" akauliza. "Umeziuza ndani ya treni?"

Nikajibu nini? Nilifungua mdomo na kilichotoka, Mungu anisamehe, kilikuwa n'est-ce pas.

Akayafikia mawe. Gazeti likafunguliwa na jiwe la kwanza likalala mezani, kijani, linang'aa pale lilipolainishwa na mihogo ya Yaya, na kicheko kikakatika kama taa iliyozimwa. Pale Ndola kila mtu anaishi kwa shaba, na kila mtu anajua wanachofanyiwa wanaokutwa na mawe. Mwingereza hakucheka tena. Akalishika jiwe, akaniangalia, kisha akaangalia ng'ambo ya kamba na kumwita Bwana Mwape, maana alimjua, kapita wa bohari ya mgodi. Sikuhitaji askari kunifasiria. Mtu wa mgodi anapokea mgeni, mgeni ana mawe. Nilimwona Bwana Mwape akiielewa hesabu hiyo, kazi yake, nyumba yake, miaka yake yote, na uso wake mnene ukawa kama wa mtu mwingine.

"Huyu simjui," akasema.

Akasema mara moja tu, wala hakuniangalia. Askari akanishika mkono juu ya kiwiko. Kiko kikaanguka, mtu akakikanyaga. Nilianza kusema mihogo, nikasema dada yangu, nikasema kilo, nikasema gramofoni, kwa Kiswahili, kwa Kiluba, kwa Kifaransa, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Nawaambia kweli, niliogopa.

"Mi namujua," akasema Ernestine.

Alisema kwanza kwa Kiswahili chetu, cha kwetu, halafu akarudia kwa Kibemba ili askari asikie vizuri.

"Namujua, namujua na nyumba yabo. Ile majiwe ni ya dada yake, anakandamiza nayo mihogo, na mimi nilisha kuikalia. Huyu muntu ni wa bongo. Lakini hapana mwizi."

Bongo kwetu ni uongo, mnajua. Mtu wa bongo, lakini si mwizi. Askari akafasiri. Mwingereza akafikiri, akaniangalia, akaangalia kalesoni ya kiraka iliyokuwa bado juu ya meza, na nadhani ni ile kalesoni iliyomshawishi, kwa sababu mwizi wa shaba angekuwa na nzuri zaidi. Akayaweka mawe chini ya meza yake, akaandika kitu, akasema nirudi kwetu kwa treni inayofuata na nisimletee tena upuuzi. Kwa sentensi ile moja ya Ernestine niliepuka jela, na kwa sentensi ileile nilipoteza mke, kwa kuwa mjomba alikuwa amesikia neno bongo kutoka kinywani mwa mpwa wake mwenyewe, hadharani, na baada ya hapo hata mimi nisingejipa binti yangu.

Nilirudi Elisabethville. Yaya Filomena aliuliza mawe yake yako wapi kabla hajauliza mchumba yuko wapi, na nilipomweleza yote alikaa chini akacheka hadi akalia, halafu akalia kweli, maana alikuwa anampenda yule msichana kuliko alivyonipenda mimi. Anaclet aliuliza kama muhuri ulikatwa. Nikasema ulikatwa. "Basi imekufa," akasema, akarudi kwenye hesabu zake. Asiransi ile ilikuwa ya moto, maji, wizi na kupotea, niliisoma yote baadaye, mstari kwa mstari, na hakuna mahali ilipotaja mwenye valizi kujiangusha mwenyewe. Tangu siku hiyo nimesafiri hadi Kolwezi, hadi Bukavu, hadi kwa Wazungu wenyewe mara moja, na kila nilipoulizwa kama nataka asiransi nimesema hapana, asante. Si kwamba haina faida. Faida inayo, kwa mtu anayeweza kuandika mbili akiwa na mbili. Mimi sikuwa mtu huyo na sitaki tena kujijaribu.

Lakini kuna kitu ambacho sikumwambia Yaya, wala Anaclet hakijui, kwa hiyo hata akisimulia hataweza kukiongeza.

Wakati nangoja treni ya kurudi, nimekaa kwenye benchi na valizi magotini, waya umening'inia, Ernestine alikuja. Hakukaa. Alikuwa ameikunja ile karatasi mara nne, akanipa.

"Shika, ni yako."

Nikamwuliza kwa nini hakuruka. Angeweza kuruka mstari mmoja tu, nani angejua, hakuna mwingine aliyekuwa anakijua Kifaransa.

"Mimi niruke?" akasema. "Mara tatu nilikuangalia. Saa, nikakuangalia. Gramofoni, nikakuangalia. Nilikuwa nangoja useme basi, Ernestine, acha, ni bongo, na mi ningefunga karatasi ningesema ni nguo na samaki, na tungecheka shiye wawili. Weye ulikuwa unatikisa kichwa. Nikaona kama utaniacha nisomee mama yangu bongo mpaka mwisho, na unafurahi. Haukuona namna nilikuangalia?"

Nikamwambia sikuona. Nikamwambia nilidhani anajivunia mimi.

Akatikisa kichwa, akaniaga vizuri, kwa heshima, "Bon voyage, Monsieur Modeste," akaenda zake. Na mimi nilikuwa nimeona, mara zote tatu, na mara zote tatu nilijua kabisa anachoniomba.